Masikio ya Yurkovich

Jumanne, 27 Januari

Theluji inchi nne. Kahawa vikombe viwili. Habari kubwa ya wiki: Jumapili, saa nane mchana, Chuo chetu cha Kestner hapa Iowa, cha pili kwa ubora nchini, kitakutana kwenye mkeka wa mieleka na Blackash ya Pennsylvania, ambayo ni ya kwanza. Mapambano kumi, uzani kumi. Ukumbi ni wa watu elfu tano na tiketi ziliisha Novemba.

Habari ya pili ni ndogo kwa Iowa, kubwa kwangu. Huenda nikapoteza kiti changu.

Nimekaa kwenye meza ya kando ya mkeka miaka ishirini na miwili. Naendesha saa ya muda wa kukaa juu. Mwanamieleka akimbana mwenzake chini, nabonyeza. Mwenzake akichoropoka, naachia. Mwishoni, aliyemzidi mwenziwe kwa dakika nzima anaongezewa pointi moja. Kazi ya kidole kimoja. Desemba kidole kilichelewa kuachia kwa sekunde tisa. Nilikuwa natazama mieleka! Nani asingetazama?

Arlene Kuhlmann, karani wa pointi, anayekaa kulia kwangu, aliziandika zile sekunde tisa kwa penseli. Alifundisha hesabu miaka arobaini na bado anawatazama watu kana kwamba wamenakili. Leo Bi. Lindqvist, mkurugenzi wa michezo, ameniita. Kasema Arlene amemweleza kwamba kwa mtambo mpya mtu mmoja aweza kufanya kazi zote mbili. Kasema ataamua baada ya Jumapili. Kasema hana kinyongo. Muda wote alikuwa anakitazama kidole changu.

Jambo liko wazi. Lazima niwe mtu ambaye Kestner haiwezi kuishi bila yeye. Saa peke yake haitoshi.

Jumatano, 28 Januari

Wazo limenijia nikikoroga uji wa shayiri.

Mji mzima una swali moja. Rocco Yurkovich wa Blackash hajashindwa msimu huu. Je, atapigana kwenye uzani wake wa ratili 157, au atapanda 165 akutane na Wade Ostrander wetu, ambaye naye hajashindwa? Mtu aweza kupanda uzani mmoja, lakini mizani hupimwa saa moja kabla ya mapambano na haimsamehe aliyezidi. Kocha wetu, Brandvold, halali. Atakayemletea jibu atakuwa mtu wa kocha. Mtu wa kocha haondolewi kwenye kiti.

Nilikuwa mwandishi wa gazeti la wilaya miaka thelathini na moja. Kuutafuta ukweli ndiyo kazi ninayoijua.

Saa nne nilipiga simu hoteli watakayofikia Blackash. Nilibadilisha sauti. Nikasema mimi ni mwuza mayai, nataka kujua wageni wa Pennsylvania wataagiza mangapi Jumapili asubuhi, hasa wale wembamba. Nikajibiwa na sauti ya binamu yangu Rosalie. Nilisahau kwamba Jumatano yuko mapokezi.

“Merle, ukitaka mayai njoo na kikapu. Ukitaka siri za wageni wangu, anza kanisani ukatubu.”

Nikakata. Baada ya dakika sita akapiga mwenyewe. Rosalie hajapata kumaliza siku na siri tumboni. Kasema Blackash wameomba chumba cha mvuke kifunguliwe Jumapili alfajiri. Kumbe kuna mtu wa kutolewa jasho! Nimeandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: JASHO LA NANI?

Ijumaa, 30 Januari

Nimekwenda mazoezini na kolachi kumi na mbili, maandazi yenye kitu kitamu katikati, sita za plamu, sita za mbegu za mpopi. Mkono mtupu haulambwi. Kocha Brandvold hakuzigusa.

“Merle, vijana wangu wanakauka kama fito tangu Jumatatu, halafu wewe unawaletea maandazi ya bibi yako?”

Nilimwambia ni za kwake yeye. Kasema naye anafunga nao, kwa heshima. Ostrander alikuwa anaruka kamba ndani ya nguo za nailoni, ratili tatu bado zinamdai. Alinusa. Akapoteza hesabu ya kamba. Akatema mate kwenye chupa ili kupunguza uzito, kama wafanyavyo wote, na macho hayakutoka kwenye sanduku langu mpaka nilipofika mlangoni.

Mlangoni nikakutana na Arlene. Akauliza nimekuja kufanya nini. Nikasema naendelea na uchunguzi. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamjibu kwamba mimi ni mzima kabisa. Kolachi nimezirudisha jokofuni.

Jumamosi, 31 Januari

Siku ya ushindi! Naandika kwa utaratibu.

Saa kumi na dakika kumi basi la Blackash limefika. Mimi nilikuwa tayari ukumbini mwa hoteli, nyuma ya ua kubwa la plastiki, nikiwa nimefunua gazeti. Rosalie akapita akasema gazeti ni la Oktoba. Nikamwambia habari njema haichachi.

Saa kumi na moja unusu: mtu aliyevaa jaketi la Blackash ameketi peke yake kwenye meza ya dirishani, mgongo kwangu. Mgongoni herufi kubwa: YURKOVICH. Sikio la kushoto limevimba na kujikunja kama kolachi iliyokaliwa. Hilo ni sikio la miaka mingi ya kusuguliwa kwenye mkeka. Jaketi mtu aweza kuazima. Sikio haliazimwi. Masikio hayadanganyi.

Alichokula, kwa mpangilio: mkate wenye steki ya nguruwe iliyokaangwa, kubwa kuliko sahani. Wa pili kama huo. Bakuli la makaroni kwa jibini. Wa tatu. Pai ya tufaha, na akaomba aiskrimu juu.

Nilihesabu mara mbili. Mtu anayetakiwa kuwa na ratili 157 kesho saa saba hagusi hata maji. Huyu hana habari na 157. Huyu anapanda!

Nikaenda mbio kwa Kocha Brandvold. Aliniuliza mara tatu kama nimemwona kwa macho yangu. Nikajibu mara tatu kwamba nimemwona. Sikuona haja ya kutaja upande.

Akatembea jikoni kwa muda. Kisha akatoa mpango. Ostrander asikutane naye. Apande 174, ambako Blackash wana mtu dhaifu, akavune pointi sita kwa kumlaza chali. Kwenye 165 tutamtoa sadaka Lyle Haverkamp, kijana wa akiba, ale kipigo cha Yurkovich kwa niaba yetu sote. Akampigia Ostrander simu, akamwambia neno moja: kula.

Kolachi nilimpelekea mwenyewe. Alikula tisa. Kwenye ya nne alilia.

Kocha kasema jambo hili likiwa kweli, ataongea na Bi. Lindqvist yeye mwenyewe, na Arlene atafute meza nyingine. Nimepiga kiatu rangi.

Jumapili, 1 Februari

Saa saba kamili, chumba cha mizani.

Rocco Yurkovich: ratili 156 na sehemu sita za kumi. Mashavu yameingia ndani, midomo mikavu. Jasho lilikuwa lake. Wade Ostrander: 170.

Huwezi kumshusha mtu ratili tano ndani ya dakika. Jibu la Yurkovich lilikuwa 157 tangu mwanzo. Haverkamp, aliyekuwa sadaka kwa Yurkovich, sasa alikuwa sadaka kwa mtu wa kawaida tu wa Blackash, na Ostrander asingeweza kumwokoa.

Kocha Brandvold hakupiga kelele. Ni Mnorwe kwa asili, na hao hawapazi sauti. Alinisogelea, akaniuliza kwa upole kama nadhani theluji itaendelea. Ningependelea ngumi.

Nikaketi kwenye kiti changu. Jukwaa la wageni, safu ya tatu, nikaliona jaketi. Lilikuwa na mzee wa miaka hamsini na kitu ndani yake, kitambi magotini, anakula bisi kwa mikono miwili. Sikio lile lile.

Arlene alikuwa anachonga penseli. Bila kuinua kichwa akasema yule ni Stan Yurkovich, babake Rocco. Naye alipiga mieleka Blackash enzi zake. Yeye na mzee huyo walikunywa kahawa pamoja jana asubuhi, kabla basi la timu halijafika. Mzee kamweleza Arlene kwamba mwanawe anapigana 157, kamweleza mpaka goti linalomsumbua.

Nikamuuliza alimpataje. Kwa mbinu gani?

“Nilimuuliza.”

Nikauliza kwa nini hakuniambia.

“Hukuuliza.”

Mapambano. Yurkovich alimaliza kazi 157 kabla ya muda. Haverkamp alifungwa pointi kumi na tano, na alinitazama kila alipoinuka. Ostrander alishinda 174 kwa pointi moja tu, akihema kama ng'ombe anayezaa, na alipotoka mkekani alitapikia ndoo. Kijana wetu wa kawaida wa 174 alitazama yote hayo kutoka benchi. Huyo angeshinda bila ndoo.

Pambano la mwisho, uzani wa juu kabisa. Blackash 17, sisi 15. Dwight Svoboda wetu akishinda, 18 na nafasi ya kwanza nchini inahamia Kestner. Svoboda ni mtoto wa fundi bomba wangu.

Dakika ya mwisho Svoboda aliongoza nne kwa tatu, lakini mpinzani akichoropoka angepata pointi ya kusawazisha. Svoboda alikuwa juu, amelikumbatia jitu la Blackash kiunoni kama mtu anayepandisha jokofu ghorofani. Kwenye saa yangu, hamsini na moja. Ikigonga dakika, pointi moja ya ziada, tumeshinda hata akichoropoka. Ukumbi wote ukaanza kuhesabu. Hamsini na sita. Hamsini na saba. Hamsini na nane.

Hamsini na tisa, jitu likajipinda na kutoka: nne kwa nne. Mwamuzi akaashiria kuwa hakuna aliye juu.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Sekunde moja. Arlene alikuwa amesimama, wa kwanza kupiga kelele, penseli yake iko chini ya meza. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Kocha peke yake, labda.

Niliachia.

Muda wa nyongeza. Sekunde ya ishirini jitu likamwangusha Svoboda. Ishirini kwa kumi na tano. Ukumbi ulikuwa kimya hivi kwamba nilisikia bisi za Stan Yurkovich.

Jumatatu, 2 Februari

Bi. Lindqvist ameniita saa tatu. Nilikwenda na funguo za ukumbi ndani ya bahasha, tayari kuzirudisha.

Kasema mkanda wa pambano la mwisho umetazamwa mara nne, mara mbili na kocha. Saa ilikuwa sahihi mpaka sehemu ya kumi ya sekunde. Kasema mtu anayeweza kuunyima mji wake sekunde moja, hakuna mtambo wa kumpita. Kiti ni changu. Arlene alikuwepo. Hakupinga. Kasema zile sekunde tisa za Desemba amezifuta. Ilikuwa penseli, si wino.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni niliposikia kwamba kocha amemsimulia na habari ya kolachi. Nikapewa karatasi ya kutia sahihi. Siku saba kabla ya mapambano yoyote nisikanyage hoteli ya wageni, chumba cha mizani wala nyumba ya kocha, na nisimpe mwanamieleka chakula cha aina yoyote. Nikatia sahihi. Arlene akawa shahidi.

Tukitoka akanishika kiwiko. “Kuuliza si ujinga, Merle. Kujificha nyuma ya ua la plastiki ndiyo ujinga.”

Nimelifikiria neno lake mchana kutwa, na kosa nimeliona. Nilitegemea ushahidi mmoja. Mwandishi hategemei ushahidi mmoja! Sikio lilihitaji kuthibitishwa na kitu cha pili, kitu chenye namba.

Timu ya Torvik kutoka Minnesota inakuja tarehe kumi na tatu. Rosalie amepiga simu. Kasema wao hupeleka nguo za mkekani kwa dobi anayetazamana na hoteli, wakifika tu. Kila vazi lina saizi shingoni.

Nimeisoma ile karatasi mara mbili. Inataja hoteli, mizani, kocha na chakula. Dobi hatajwi.

Nina mashati mawili machafu. La tatu nimelimwagia kahawa sasa hivi.