Ngolo Arobaini Ufukweni

Jumatatu, 3 Novemba
Leo nimepima kwa miguu, kutoka kwenye msingi wangu hadi majini. Hatua sabini na moja! Sheria inataka mita sitini kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo nina ziada. Wajinga huomba kupimiwa viwanja mwezi wa nne, ziwa likiwa limejaa hadi milangoni. Mimi nimeomba Novemba, maji yakiwa mbali. Ndiyo faida ya kutoka Mbinga, milima humfundisha mtu kufikiri. Mpima anakuja Ijumaa.

Devotha, mke wangu, kauliza kama nina hakika. Tangu tuhamie hapa Liuli analala kwenye kibanda cha matete, na kilichomleta ni ahadi yangu ya nyumba ya wageni yenye baraza linalotazama ziwa. Kasema msingi ukikataliwa anarudi kwa mama yake kwenye kahawa. Nimemwambia atulie.

Jumanne, 4 Novemba
Jirani yangu Bi Tunu, mwanika usipa, hawa dagaa wa ziwani, kaja kuniharibia siku. Kasema mpima hapimi kutoka maji yalipo leo, anapima kutoka yalikofika siku yalipojaa kabisa. Nikamuuliza mpima atajuaje, kwani alikuwepo? Akaninyooshea kidole mstari wa matete makavu, chupa na maganda ya konokono. Uko nyuma ya msingi wangu. Nyuma! Kasema Aprili yeye mwenyewe alihamishia vichanja vyake vya kuanikia kule juu, maji yakimfuata. Nikamwambia usipa wake unanuka. Halikuwa jibu, lakini ni kweli.

Jumatano, 5 Novemba
Nimeamka na reki. Kufika saa nne mstari wote nimeuzoa na kuumwaga karibu na maji. Ziwa Nyasa sasa lina ukingo mpya, safi, na fundi wake ni mimi. Bi Tunu alikuwa akigeuza usipa wake. Akanishauri niuache mchanga kama ulivyo, nisije nikaumbuka. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Novemba
Wazo limenijia nikinywa uji. Mpima akikuta mchanga mtupu ataandika ufukwe. Akikuta shamba ataandika shamba. Na kwetu Umatengo nani anabishania ardhi yenye ngolo, mashimo yetu ya kulimia? Ukishachimba mashimo yako, ukayapanga safu kwa safu mlimani, hata adui yako anapita pembeni.

Nimechimba tangu alfajiri. Kina cha goti. Mchanga unabomoka, kingo hazishiki, babu yangu angelia kuziona. Lakini nimemaliza ngolo arobaini, kuanzia karibu na maji, zikapita msingi, hadi kando ya barabara. Kila moja punje tatu za mahindi. Sijawahi kuwa mvivu. Devotha kaniletea ugali, katazama mashimo, karudi kibandani.

Ijumaa, 7 Novemba
Mpima, Bwana Frederick, kafika saa tatu na chombo chake cha miguu mitatu. Nikamwambia hili ni shamba langu la siku nyingi. Akauliza nani kachimba mashimo mazuri hivi. Nikasema mimi, kwa mikono yangu.

Akapiga magoti, akachungulia la kwanza. Ubavuni mwa shimo ulionekana mchanga, chini yake maganda ya konokono, kisha mchanga, kisha maganda tena. Kasema kila tabaka la maganda ni mwaka ambao ziwa lilifika pale. Akaenda la pili, la tatu, akiandika. Akapita msingi wangu bila kuutazama. Maganda yalikoma kwenye shimo la thelathini na tatu. Hapo akachomeka kigingi, akasema ndio mwisho wa maji yakijaa, na mita sitini zinaanzia hapo. Zimevuka kiwanja changu chote, zimevuka barabara, zimeishia nyuma ya banda la mbuzi la mwenyekiti wa kijiji.

Akanishukuru kwa kumpunguzia kazi, maana ingembidi achimbe mwenyewe, na yeye angechimba mashimo mawili tu. Nikauliza mbona vichanja vya Bi Tunu havisemwi. Akajibu kuwa kichanja hubebwa, nyumba haibebwi.

Nimeumia. Nimekaa juu ya msingi mchana kutwa kwa sababu sikuweza kumtazama Devotha usoni.

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya misa mwenyekiti kanipa pole. Katika kunifariji katamka kwamba karibu na mdomo wa mto kuna ardhi ambayo hakuna anayeitaka, kwa sababu kila masika mto unahama. Hakuna anayeitaka! Watu hawafikiri. Mto ukihama si unaacha ardhi? Hicho ni kiwanja kinachokua chenyewe. Nimeomba papo hapo.

Nimekimbia hadi barabarani. Devotha alikuwa amekaa juu ya mizigo yake akisubiri basi la Mbinga. Nikamweleza yote, na baraza nikalirefusha kidogo. Kanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza mto wenyewe unahamia upande gani.

Sikuwa nimeuliza. Basi lilipokuja akapanda, nami nikamwahidi dirishani kwamba nitauliza, nikishamaliza kuchimba msingi.