Manowari Arobaini za Tanga, Ishirini Zikiwa na Dohani

Kamati ya Muundo wa Manowari, ambayo mimi nilipata bahati ya kuwa karani wake, ina furaha kuutangazia ulimwengu kwamba Uingereza ina manowari arobaini, na zote ni za tanga. Ni kweli ishirini zina injini ya mvuke. Lakini dohani zake za kutolea moshi hulazwa chini zisipotumika, na kilicholala, Kamati iliamua kwa kura saba kwa sifuri, hakihesabiwi.

Kwa kuwa hatukuwa na meli ya mvuke, wachochea moto hawakuhitajika. Tuliwafuta kazi, nafasi zao tukawapa wasugua sitaha.

Nakiri Bwana Tranter, mhandisi wa manowari Lady Pomfret, alinitia huruma. Kwa miaka kumi na moja aliomba jambo moja tu: aandikwe ofisa, ale mezani na maofisa badala ya kula amesimama kando ya boila. Orodha yetu ya vyeo ilimweka chini ya seremala.

"Kijana," aliniambia, "hata mbuzi wa nahodha ana pa kukaa."

"Vumilia, Mzee Tranter. Suala lako liko kwenye mchakato."

"Mchakato wenyewe unakwenda kwa tanga?"

Siku ya ukaguzi, Kamati nzima ilipanda Lady Pomfret pale Portsmouth, mwenyekiti wake, Admirali Penhallow, akiwa mbele. Saa sita upepo ukakata. Maji yakaanza kutuvuta kuelekea fungu la mchanga, nanga ikiburutwa bila kushika. Mabaharia wote wakashushwa mashuani waivute meli kwa makasia. Haikutii. Ufukweni, balozi wa Ufaransa aliazima darubini.

"Tranter! Washa injini!" Admirali alifoka.

"Injini ipi, Mheshimiwa? Hii si meli ya tanga?"

"Usinichezee!"

"Sikuchezei. Boila ina maji tayari. Nani atatia makaa?"

Admirali aliwatazama wajumbe. Wajumbe wakatazama viatu vyao.

"Halafu kule chini lazima awepo ofisa wa kutoa amri," Tranter aliendelea kwa upole. "Na chini hakuna ofisa."

Fungu la mchanga lilikuwa limeshaonekana kwa macho.

"Mwandike ofisa," Admirali aliniambia, meno yamekazana. Nikaandika. Akaiweka karatasi mgongoni kwangu, akatia sahihi.

"Haya, vijana, teremkeni," akasema Tranter, akiwagawia wajumbe makoleo, na la mwisho Admirali. "Wewe mzee, kunja magoti! Unatupa makaa kama unalisha kuku."

Meli ilijinasua zikiwa zimebaki hatua chache kulifikia fungu. Tranter alinishukuru, akajifuta mikono, akaenda kula chakula cha mchana akiwa ameketi.

Kanuni inamtaka karani aorodheshe kila mtu kwa kazi aliyokutwa akiifanya, nami naziamini kanuni. Orodha ilichapishwa Jumatatu: chini ya sitaha, ofisa mmoja na wachochea moto sita. Admirali nilimwandika mwanagenzi, kwa ushauri wa ofisa wake.