Ombi la Kurudishiwa Swichi Mbovu ya Dirisha Langu

Kahama, Jumanne

Fundi Masele mheshimiwa,

Shikamoo. Marahaba yako nitaipokea siku utakayonijibu, maana leo nina jambo linalonizuia hata kunywa chai.

Mimi ni Justina, mke wa Bujiku wa bandari kavu ya Isaka, yule mrefu asiyeongea. Tulifunga ndoa kwetu Ushirombo miezi minne iliyopita, na bado nikiandika neno "mke" nalisoma mara mbili kwa furaha. Wiki mbili zilizopita kaka yangu Apolinari aliazima gari letu, akaona kioo cha upande wangu hakishuki ukibonyeza swichi ya mlango huo, akalileta kwako kwa nia njema. Ukafunga swichi mpya. Sasa kioo kinashuka na kupanda vizuri kabisa. Hicho ndicho ninacholalamikia.

Uelewe hali ilivyokuwa. Swichi yangu ilikuwa imekufa, lakini ile kubwa ya mlango wa dereva, yenye vitufe vya madirisha yote, ilikuwa nzima. Kwa hiyo kila nilipotaka hewa, au mahindi ya kuchoma, au kumwamkia mtu njiani, nilimgeukia mume wangu. Naye ananitazama, anasema, "Nishushe?" Nasema, "Shusha kidogo." Anasema, "Hapo?" Nasema, "Ongeza." Fundi, kwa mwanaume anayeshinda na makontena, hayo ni mazungumzo marefu. Mimi niliyaita mapenzi na mpaka leo sijayabadilisha jina.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Umetunyamazisha. Jumapili ya kwanza baada ya kazi yako tulikwenda Ushirombo kuwaona wazazi wangu. Zamani safari hiyo ilikuwa na "nishushe" kumi na nne. Safari hii nilijishushia mwenyewe kama mtu aliyekodi gari, na Bujiku njia nzima alisema neno moja tu, "Ng'ombe," na kweli walikuwa wanavuka barabara.

2. Umenivunjia heshima ukweni. Kwao ni Kishapu, na kwao mke mpya hamwamkii mkubwa wima, anapiga goti. Garini goti halipigiki. Kwa hiyo Bujiku alikuwa anasimamisha gari, ananishushia kioo taratibu, nami nainamisha kichwa mpaka chini ya dirisha ndipo natoa shikamoo yangu. Akina mama wa mnadani Mhunze, huko huko kwao, waliipenda sana ile. Mama mkwe alisimulia mpaka kwa wauza dagaa kwamba mwanawe anamshushia mkewe kioo. Wiki iliyopita wakaniona nabonyeza mwenyewe. Muuza vitunguu mmoja akaniita mama kwa Kisukuma, akauliza kwa sauti, "Mayu, kulikoni, siku hizi unajifungulia?" Jua halijazama, habari imemfikia Rebeka, shangazi yake Bujiku. Siku ya tatu shangazi akashuka kwenye basi hapa Kahama na wazee wawili, wakakaa sebuleni kwetu, wakauliza nani kamkosea mwenzake. Bujiku akajibu, "Hakuna." Shangazi akawageukia wazee, akasema, "Mnaona? Jambo ni zito, hata kulitaja hawezi." Kikao kimeahirishwa hadi Jumapili ijayo na watakuja na katekista. Ndoa yangu ina miezi minne, fundi, na tayari inasuluhishwa.

3. Ulichagua swichi vibaya. Apolinari anasema ulimpangia tatu juu ya boneti: moja ya mtumba yenye pini iliyovunjika, ya pili imelegea kitufe, na ya tatu mpya, pini zake zinalingana na soketi ya gari letu na ina taa ya kijani. Ungefunga ile ya pili, ikafanya kazi Jumatatu na Alhamisi, tungeishi kwa amani. Wewe ukamwambia, "Weka hii mpya, mdogo wangu, dada yako hatasumbuka miaka kumi." Nina miaka ishirini na minne. Nitafika thelathini na minne bila mtu kuniuliza kama kioo kimetosha.

4. Hiyo taa ya kijani inanicheka.

Kwa hiyo naomba unirudishie swichi yangu mbovu. Kama umeitupa, nitafutie nyingine iliyokufa kabisa, mradi rangi ilingane na mlango. Ukishaifunga, kiharibu pia kitasa changu cha ndani ili mlango ufunguke kwa nje tu, na ufanye kifungio cha mkanda wangu kiwe kigumu cha kuhitaji mikono ya mtu wa pili. Breki usiguse, huyu mtu nampenda akiwa hai.

Nashauri pia gereji yako iwe na utaratibu. Kabla ya kufungua boneti, uliza ndoa ina muda gani. Ikiwa chini ya mwaka, ubovu wowote usioua uheshimiwe. Mwenye gari aje na cheti cha ndoa, na matengenezo yafanyike kwa sahihi za wote wawili, si za shemeji.

Nisalimie mkeo, ambaye namwombea madirisha mabovu, na mafundi wenzako wote, hata yule wa kupaka rangi ambaye hana kosa.

Aliye katika ndoa changa,
Justina wa Bujiku

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha jana, Bujiku aliisoma barua hii. Akaikunja, kisha akanipeleka garini, akanionyesha kitufe kidogo kwenye mlango wake. Ukikibonyeza, swichi za abiria wote hazifanyi kazi, inabaki yake. Alikibonyeza yeye mwenyewe siku ya pili ya ndoa. Swichi yangu haikuwahi kufa, na wewe bila shaka ulikifungua kitufe hicho, ukaona kioo kinashuka, ukafunga mpya hivyo hivyo. Hilo tutaongea ana kwa ana. Nikamuuliza mume wangu kwa nini alifanya hivyo. Akanijibu kwa sentensi ndefu kuliko zote tangu kanisani: "Siku ile ulishusha kioo ukaongea na barabara nzima, isipokuwa mimi."

Basi hiyo mbovu usiilete. Shangazi Rebeka akija Jumapili nitamwambia mkosaji ni mimi. Na leo asubuhi, Bujiku akiwa bado ananawa uso, nilikwenda garini, nikakibonyeza kile kitufe mwenyewe.