Ombi la Kubadilisha Umbo la Duara

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa mafundi,

Naomba barua hii uisome ukiwa umekaa, maana malalamiko yangu ni marefu ingawa mimi si mtu wa kulalamika. Nimemaliza shule mwaka huu. Mbele za watu huwa sauti inanikimbia, ndiyo sababu nimeamua kuandika.

Kosa lenu ni lile somo la kwanza kwa wanaojitengenezea mashine ya CNC, yaani ile inayochonga mbao kwa kufuata amri za kompyuta. Mlieleza vizuri kwamba mota inajua kuzunguka tu, kwa hiyo panatakiwa kitu cha kuuchukua ule mzunguko na kuisukuma meza ya mashine: mkanda wa meno, cheni, au skrubu ndefu yenye nati. Mpaka hapo sina neno. Kisha mkaandika, "Kila njia ina faida zake." Sentensi hiyo imetuvurugia nyumba.

Ujue pia kwa nini nina haraka. Mtaa wa pili kuna mama mwenye karakana ya samani. Watu wanamwita Bi Rula kwa sababu rula yake hukaa kwenye kilemba kama wenzake wanavyochomeka ua. Aliniambia hivi: "Jumamosi niletee ubao wa kukalia wa stuli, mviringo. Sitaki unaokaribia mviringo. Ukiwa sawa, Jumatatu unaanza kazi hapa. Ukiwa umepinda, msalimie mama yako." Nikishindwa, Shangazi ameshaniandalia kazi nyingine, ya kusimama nje ya duka lake la simu nikiita wateja kwa kipaza sauti. Ndugu Mhariri, mimi hata nikipiga chafya huwa naomba radhi.

Malalamiko yenyewe ni haya.

1. Kuhusu sentensi yenu. Baba ni fundi magari, Mama ni fundi cherehani, na Mjomba, kaka yake Mama, ni fundi baiskeli. Wote waliisoma, na kila mmoja akaona ameandikwa yeye. Mjomba akaleta cheni. Mama akaleta mkanda wa meno aliouchomoa kwenye cherehani ya umeme iliyokufa. Baba akaleta skrubu ya jeki. Mashine inakaa kwenye meza ya kulia chakula, basi meza ikageuka bunge. Mjomba akasema, "Shemeji, jeki ni ya kubadilishia tairi, siyo ya kuchongea viti." Baba akamjibu kwamba cheni za Mjomba zinakatika kila mteja akiona kilima. Mama akawakatiza wote wawili: "Mashati mliyovaa yameshonwa na mkanda huuhuu. Mbona hayajapinda?" Mjomba akajitazama akasema, "Hii kola imepinda," na jioni hiyo hakupewa chai.

Ningemkatalia nani? Mashine inatembea pande tatu, na wazee ni watatu. Nikagawa. Kushoto na kulia nikampa Mjomba na cheni yake, mbele na nyuma nikampa Mama, juu na chini nikampa Baba. Makala yenu haikusema popote anayeanza afanye nini kama nyumbani kuna wazee.

2. Kuhusu mafuta. Kwa Baba, chochote kinachozunguka kinataka mafuta. Aliipaka skrubu, na hiyo ilikuwa sawa. Akaipaka cheni, Mjomba akanuna lakini akaacha. Kisha akaupaka mkanda wa Mama, ambao ni wa mpira. Mama akaufuta na kuupaka poda ya mtoto. Vumbi la mbao lilipoingia katikati ya mafuta na poda, likatokea tope ambalo hakuna fundi hata mmoja anayekubali kuwa ni lake.

3. Kuhusu vyuma vinavyocheza. Mliandika kwamba mota inapogeuza mwelekeo, kama kuna kitu kimelegea, mota hutangulia na meza hufuata baadaye, kama mtu aliyeitwa akaitika "nakuja" huku bado amelala. Mkaonya kwamba duara litatoka na ubapa pale meza inapogeuka. Ni kweli kabisa. Duara langu lina ubapa kushoto na ubapa kulia. Bibi, mama yake Baba, alipouona ubao akauliza, "Hiki atakalia nani, mtu wa kalio moja?"

Nikarudi kwenye makala yenu kutafuta dawa. Mmeandika: "Itafute sehemu inayolegea, uiondoe." Nimeitafuta. Kushoto na kulia ni upande wa Mjomba. Kwa hiyo sehemu inayolegea ni Mjomba. Naomba mniambie kwa maandishi: mjomba anaondolewaje? Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na ile cheni aliiosha mwenyewe kwa mswaki wake. Nikiirudisha, atasema "haya, mwanangu" kwa ile sauti yake ya kusema hakuna tabu, kisha hataonekana kwetu mpaka mvua zijazo.

4. Nilijaribu njia za amani. Kwa kuwa ubaya wote unatokea meza inapogeuka, nilifikiria kuchonga kitu kisicho na haja ya kugeuka. Nikapata benchi. Lakini Bi Rula hakuagiza benchi, na kwa kuwa mashine yangu isingegeuka, benchi hilo lingetoka sebuleni, likapita dirishani, likaingia kwa jirani, ambaye tayari hatusalimiani naye kwa sababu ya kelele za mota.

5. Kwa hiyo nimebaki na ombi moja, na naamini ni dogo. Badala ya kumbadilisha Mjomba, badilisheni duara. Tangazeni kwenye ukurasa wenu kwamba kuanzia sasa duara ni umbo lenye mviringo juu na chini, na ubapa kidogo pembeni. Sidhani mtapata upinzani mkubwa. Sufuria zetu zote zimeshabonyea hivyo. Gari la mteja wa Baba lililosahaulika uani lina tairi za namna hiyo. Hata mwezi, siku nyingi si duara, na hakuna anayeurudisha kwa fundi.

Walimu wa hesabu waandikiwe waraka. Magurudumu nayo yafuate. Najua yatagonga kidogo barabarani, ila baiskeli zitaharibika na Mjomba atapata wateja, springi za magari zitavunjika na Baba atapata wateja, abiria wataumia na Mama atawashonea mito ya kukalia. Mnaona wenyewe kwamba kila njia ina faida zake.

Nitashukuru tangazo likitoka kabla ya Jumamosi, ili niende nalo kwa Bi Rula pamoja na ubao.

Wasalimie wote hapo ofisini: wapiga chapa, wasahihishaji, anayefagia, na hasa aliyechora ile mishale kwenye mchoro wa mota. Mishale yake ni mizuri sana, ingawa kwetu imeleta ugomvi.

Ni mimi msomaji wenu mtiifu,
Binti wa fundi cherehani na fundi magari (na mpwa wa fundi baiskeli, asije akasema nimemwacha)

Nyongeza: Tafadhali usiichapishe. Nilipokuwa natafuta ujasiri wa kuifungua cheni, nimegundua gia ndogo iliyoko kwenye mota ya upande huo inazunguka kivyake juu ya shafti, kile chuma cha mota kinachozunguka. Skrubu ya kuibana haikukazwa. Cheni ni nzima na Mjomba ni mzima. Gia hiyo ndiyo sehemu pekee ya mashine niliyoifunga peke yangu bila kusaidiwa na mtu, na nilikuwa naringa nayo.

Nimeikaza. Ubao umetoka mviringo; nimeupima kwa uzi na msumari mpaka vidole vikachoka. Basi duara libaki kama lilivyo, walimu wasisumbuliwe. Ila sasa wazee wangu watatu wanagombania kuupeleka kwa Bi Rula, kila mmoja akidai ni kazi ya mkono wake. Nimewaambia, kwa sauti iliyonishtua hata mimi, kwamba nitaubeba mwenyewe na maelezo nitayatoa mwenyewe. Wametazamana, wakakubali. Wamesema watanifuata kwa nyuma tu.