Nyati Kumi na Saba wa Zulfikar

Zulfikar hakuwa mwizi, tuelewane. Mwizi huvunja mlango, naye Zulfikar maisha yake yote hakuwahi kuvunja hata kikombe. Watu walimfungulia wenyewe, wakampa chai, na akiondoka wakamshukuru.

Asubuhi moja ya Februari mwaka 2009 alikuwa kwenye chumba cha kufulia nguo, chini ya ghorofa alilokaa huko Scarborough, Toronto, akasahau mashine na kuokota gazeti la Kigujarati. Kigujarati chake kilikuwa cha kuombea chumvi mezani, lakini kichwa cha habari alikimudu: serikali ya jimbo walikotoka babu zake inasaidia watu kununua mifugo ya maziwa na kuchimba mabwawa ya samaki. Wewe unatoa nusu, serikali inatoa nusu. Mtu mwenye akili timamu angegeuza ukurasa akaendelea na soksi zake.

Kufikia Aprili, wazee kumi na saba waliohamia Toronto kutoka Afrika Mashariki walikuwa wafugaji. Zulfikar aliwaeleza, mmoja mmoja na kwa sauti ya chini, kwamba jimbo limewakumbuka wanawe walio mbali. Utanunuliwa nyati wa maziwa, wale wanaofugwa India. Mwanakijiji atakukamulia, nawe utakunywa chai nyumbani kwako Don Mills huku faida ikija. Mchango uwe dhahabu, si hundi.

"Benki zinauliza maswali," alisema, "na maswali yanachelewesha maziwa."

Kila mfugaji alipewa cheti chenye picha ya mnyama wake. Hapo ndipo jamaa alipoteleza, na kosa lenyewe lilihitaji Mhindi wa kwetu Afrika Mashariki hasa kulifanya. Zulfikar alizaliwa Dar es Salaam, akaletwa Kanada akiwa na miaka tisa, India hajaikanyaga. Nyati aliyemjua yeye ni mmoja tu. Akamkata kwenye kalenda ya zamani ya kampuni ya utalii: dume la Serengeti, pembe zimemfunika paji la uso, macho mekundu, amemkazia mpiga picha. Akamtoa nakala kumi na saba.

Na wazee, kwa kuwa macho yao yalikuwa kwenye mstari wa lita za maziwa kwa siku, waliridhika. Roshanali, aliyewahi kuwa na duka la vitambaa Moshi, alimtia dume lile kwenye fremu akamtundika sebuleni kando ya picha ya harusi yake.

Jenabai peke yake ndiye aliyevaa miwani. Alikuwa mjane wa miaka sabini na moja, mzaliwa wa Musoma, na alikuwa ametoa bangili nne za marehemu mama yake. Alikuwa amemwekea mjukuu wake, Alia, aliyekuwa anaolewa Jumapili iliyokuwa inakuja. Bibi alitaka nne zizae nane kabla ya harusi. Ndiyo, tamaa, na mwenyewe alikiri. Katika jengo lao la Don Mills alishuka ghorofa moja hadi kwa Ivo, Mgoa ambaye Zulfikar hakumjua, mstaafu aliyekuwa karani wa forodha bandarini Mombasa kwa miaka ishirini na sita.

"Bwana Ivo, nimeliwa."

"Na nani?"

"Na huyu." Akamwekea cheti mezani.

Ivo akakisogeza kwenye mwanga. "Huyu ni wa porini."

"Najua ni wa porini. Mwenziwe alimpandisha baba yangu juu ya mti, akashinda huko mpaka magharibi. Niambie, huyu anakamuliwa na nani?"

"Anakamulika, bibi. Ila kila mkamuaji anakamua mara moja tu."

Jenabai hakucheka. "Jumapili Alia ataninyooshea mikono nimvalishe mbele za watu. Nimvalishe nini, cheti? Nikienda polisi wataniuliza nani alimpa Zulfikar bangili, na nilimpa mwenyewe." Akalia, na ilikuwa aibu zaidi kuliko huzuni. Ivo akamchemshia chai, akaenda kufungua sanduku la mihuri yake ya zamani.

Kesho yake Zulfikar alikuwa mgahawani, kwenye meza yake ya kila siku, alipomwona Jenabai akija na mzee wa suti na mkoba. Akaanza kuutafuta mlango wa nyuma.

"Baba, usiondoke," Jenabai alisema kwa unyenyekevu. "Huyu ni mkaguzi wa mifugo na uvuvi kutoka jimboni. Anakutafuta."

Ivo akaketi. "Wewe ndiye wakala wetu wa Toronto?"

Zulfikar hakujua kama ni wakala. "Ninajitahidi, mzee."

"Nyati kumi na saba. London hawajafika watano. Mbona hujadai nusu ya serikali?"

Zulfikar akasogeza kiti karibu. "Hao nyati... mmewaona?"

"Kijana, nina mabwawa mia ya samaki ambayo hayajawahi kuona maji, na yote yamelipiwa. Nyati wako wana picha."

Tusimcheke Zulfikar. Tangu ujana wake aliamini kwamba mahali fulani duniani ipo serikali inayolipia vitu visivyokuwapo, na sasa imemfuata mpaka mezani, imevaa tai. Machozi yalimlengalenga.

"Utaratibu ni mdogo," Ivo aliendelea. "Napima michango yote, naifunga, naipiga muhuri wa lakiri mbele yako. Unakaa nayo mwenyewe siku saba mpaka nusu yetu ifike. Lakiri ikivunjika kabla, umekosa vyote."

"Nakaa nayo mimi?"

"Kwani mimi mwizi?"

Alhamisi Zulfikar alileta dhahabu yote, ambayo alikuwa bado hajaiuza akingoja bei ipande. Ivo alipokuwa anapima, jamaa akauliza kwa haya, "Mzee, naweza kuongeza na nyati wangu?" Akavua mkufu. Akafikiri kidogo, akavua na saa.

Ivo akafunga mfuko wa khaki kwa uzi wa kitani, akayeyusha lakiri nyekundu, akagonga muhuri. Jenabai akammwagia Zulfikar chai mapajani. Basi. Mombasa, Ivo alikamata watu kumi na mmoja kwa mchezo huo wa kubadili mfuko, na kila mmoja alimfundisha kidogo.

Mfuko aliobaki nao Zulfikar ulikuwa na uzito ule ule. Ndani yake mlikuwa na misumari na dagaa wakavu, dagaa wakiwa, kwa maelezo ya Ivo, ule upande wa idara unaohusu uvuvi. Jumapili, majirani wakilalamika harufu kwenye korido, Zulfikar alikuwa bado kauweka mapajani, akihesabu siku.

Na Jumapili hiyo Alia alinyoosha mikono, bibi akamvalisha zote nne. Mkufu na saa vilikuwa vimeshageuka biriani. Kabla ya chakula Jenabai alizunguka akiwarudishia wenzake dhahabu zao, mmoja mmoja, na kuwaeleza yote.

Roshanali alisikiliza hadi mwisho, uso ukazidi kukunjamana. "Kwa hiyo umemtoa nyati wangu bila kuniuliza?"

"Roshanali, hakukuwa na nyati."

"Mkaguzi amekuja kutoka jimboni, amepima, nusu ya serikali iko njiani, wewe unasema hakuna nyati. Jenabai, una kijicho. Zulfikar anakaa ghorofa ya ngapi?"

Wazee wengine watatu walikuwa tayari wamesogea kusikia jibu, mikono ikiwa mifukoni na dhahabu zao. Mmoja wao alikuwa anazitazama bangili za bibi harusi.

Jenabai akamshika mjukuu wake mkono, akamwinamia sikioni. "Usizivue," alimwambia. "Hata ukioga."