Jinsi Gazeti la Wafuga-Bata Lilivyoharakishwa

Inatangazwa kwa wakaaji wote wa Lubumbashi, wa Kipushi, wa Kilwa yetu ya ziwani, na wa vijiji ambavyo ramani bado haijavifikia, kwamba magazeti ya klabu hayatachelewa tena. Wakubwa wameliona tatizo, wamelihurumia, na wamelipangia nyumba.

Nyumba yenyewe iko mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi. Ina mlango mmoja, madirisha ya vyuma, na choo nyuma uani. Juu ya mlango waliandika: Idara ya Uharakishaji wa Machapisho. Mkuu wake alikuwa Mkurugenzi wa Muda Gauthier, mtu wa kuvaa suti hata mwezi wa kumi, jua linapopasua mabati. Yale maneno "wa Muda" yalimwasha kama upupu ndani ya shati. Kila asubuhi alimwomba Mungu ayafute, na kila jioni aliandika sheria mpya ili Mungu apate sababu.

Ni lazima tuseme ukweli: kabla ya Idara, mambo yalikuwa mabaya sana. Klabu ya Wafuga-Bata ilikuwa inatuma gazeti lake, Sauti ya Bata, ndani ya lori la Mama Mbambu, katibu wa klabu, mfanyabiashara aliyetoka Kivu ya Kaskazini. Lori lilipanda Kilwa na unga, likateremka na samaki. Magazeti yalikaa juu ya magunia, na yalifika kabla mkate wa shofere haujakauka. Bila muhuri! Bila malipo! Mkurugenzi Gauthier alipochunguza jambo hilo alishika kichwa. Watu walikuwa wanaharakisha bila kibali.

Basi akautia uharaka huo utaratibu. Gazeti lipimwe uzito. Likishapimwa lipumzike, kwa maana karatasi yenye unyevu ni nzito, na kumtoza mwananchi unyevu ni dhambi. Likishakauka lipimwe tena. Kisha kuna ushuru wa umbali. Kuna ushuru wa ubovu wa barabara, kwa kuwa barabara ya Kilwa ni mbovu, ubovu huo ni mali ya taifa, na mali ya taifa haitumiwi bure. Mwisho kuna ushuru wa subira, unaolipwa mbele na wale watakaongoja.

Mama Mbambu alikuja kwenye kidirisha, akapiga hesabu, akapiga tena, akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

"Papa Directeur, gazeti moja tu kufika Kilwa inapita bei ya bata muzima! Si heri nitume bata yeye mwenyewe, abebe habari mu kinywa?"

"Bata si chapisho, Mama," Gauthier akamjibu kwa upole wa serikali. "Bata iko na Idara yake."

"Na hiyo Idara ya bata iko wapi?"

"Bado wanatafuta nyumba."

Halafu ikaja Ibara ya Tisa, ambayo Gauthier aliipenda kama mtoto wake wa mwisho. Ilisema kwamba mwanachama akija kuchukua gazeti yeye mwenyewe, Mkurugenzi sharti amtazame usoni, macho kwa macho, ili serikali ijue inampa nani. Matunda yalionekana upesi. Gazeti la Pasaka lilikuwa bado ndani ya Idara mwezi wa nane, limepangwa mpaka darini, limekauka vizuri sana. Ripoti ikasema: hakuna nakala hata moja iliyopotea. Ni posta ngapi duniani zinaweza kusema hivyo?

Kinshasa waliisoma ripoti hiyo wakafurahi. Wakamtuma Mkaguzi Lévi aje na nishani, amthibitishe Mkurugenzi, na yale maneno "wa Muda" yafutwe. Saa nne asubuhi, mbele ya mlango wa Idara, na mpiga picha.

Siku hiyo Gauthier aliamka na jogoo. Mke wake Bénie alimpa jagi zima la munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, atulize tumbo. Akalinywa lote pale ofisini, amekaa katika kiti chake cha ngozi, kile chenye magurudumu, akijizoeza uso wa mtu aliyethibitishwa.

Ephraïm, mlinda mlango wake, mzee mwenye viatu vyeupe, akaingia.

"Shefu, kuko mama moja pa mulango. Anatoka Kilwa na lori ya Mama Mbambu. Anasema anakuya kutwaa gazeti yake."

"Apange mustari."

"Mustari njo yeye, shefu. Iko peke yake." Ephraïm akakohoa. "Jina yake Mama Nkandu. Mama ya madame Bénie."

Kalamu ya Mkurugenzi ilianguka, ikabingirika mpaka chini ya magazeti.

Hapa anayetoka mbali aelezwe kidogo. Kwetu mama-mkwe ni buko, na buko si wa kuchezea. Mwanaume hamtazami buko wake. Hasemi naye, hapazi sauti anakoisikia, hali mbele yake, hapiti mbele yake. Akimwona anakuja njiani, ataingia hata shamba la muhogo la mtu na kujifanya anang'oa majani. Haya hiyo huondolewa siku moja tu: siku ya karamu ya kumwingiza mkwe, familia ya mke inapompikia na yeye kuleta kitenge. Gauthier alikuwa hajaingizwa. Tangu arusi, kila ndugu za Bénie walipouliza siku, aliwajibu kwamba jambo hilo linashughulikiwa.

"Umwambie gazeti yake itatumwa Kilwa," akanong'ona.

Ephraïm akaenda, akarudi.

"Anasema Kilwa njo yeye, na iko hapa. Anasema mu ile gazeti kuko foto yake na bata yake dume, ile ilishinda bengine bote. Anataka aione mbele ya macho yake kuzimika."

"Basi umupatie!"

"Ibara ya Tisa, shefu. Lazima umutazame uso."

"Nani aliandika huo upumbafu?"

"Ni weye, shefu. Ulinipatia na misumari nibandike pa ukuta."

Gauthier akafuta jasho. Kisha akakumbuka jambo baya zaidi.

"Anaikala wapi?"

"Chini, pa simenti."

Mama-mkwe chini kwenye simenti! Habari ya namna hiyo ingefika Kilwa kabla ya lori. "Mupelekee kiti, haraka!"

"Kiti gani, shefu? Idara iko na moja tu, ile unaikalia. Bingine bingali binapumzika ku Kinshasa."

Kiti cha ngozi kikatoka, magurudumu yakilia. Mama Nkandu akakaa, akajaribu kukizungusha kushoto, akakizungusha kulia, akaridhika, akakiegesha katikati kabisa ya mlango. Akafungua kikapu chake, akaanza kula samaki mkavu bila haraka yoyote, kama mtu aliyeambiwa angoje na amekubali.

Ndani, Mkurugenzi alisimama. Na munkoyo ikaanza kazi yake, kwani munkoyo haijui haya wala Ibara. Choo kiko uani, njia ya uani ni mlango, na mlango una buko. Akajaribu dirisha. Vyuma. Yeye mwenyewe ndiye aliyevitia, kuwazuia wananchi wasirushe maombi yao ndani. Akapiga simu nyumbani, mkono umefunika kinywa.

"Bénie, mama yako iko pa biro yangu."

"Najua. Miye njo nilimuonyesha njia."

"Umuombe asogee kidogo tu. Dakika mbili! Mukaguzi anakuya, nikikosa kutoka leo, kazi imekufa!"

"Weye! Mutoto afukuze mama yake? Ungekubali ile karamu, leo ungepita mbele yake ukiimba. Ngoya basi. Inashughulikiwa." Akakata.

Saa nne ilipopiga, magari mawili yakasimama. Mkaguzi Lévi akashuka, macho kwenye saa, kwa sababu ndege yake ilikuwa na tabia mbaya ya kuondoka. Hakuwa amewahi kumwona Mkurugenzi wa Hewa Bora. Karatasi yake ilisema tu: Mkuu wa Idara, athibitishwe kitini pake. Mbele yake akaona kiti kikubwa cha ngozi, na juu yake mtu mzima aliyekuwa anatafuna polepole mbele ya wageni wa serikali bila kujisumbua kuinuka. Mkaguzi alikuwa ameona utulivu wa namna hiyo kwa wakubwa peke yao. Akavua kofia.

"Mheshimiwa, ofisi hii iko na tatizo gani?"

Mama Nkandu akameza. Hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza hivyo, akaona si adabu kumnyima jibu.

"Magazeti inalala humu ndani tangu Pasaka."

"Na unapendekeza nini?"

"Ipande mu lori ya Mama Mbambu. Lori si ile pale?"

"Lini?"

"Saa hii. Unangoya nini tena?"

Mkaguzi Lévi akaitazama tena karatasi yake. Miaka yote aliyozunguka nchi hii hakupata kumsikia mkubwa anayejibu bila kuunda tume. Akamgeukia Ephraïm.

"Kweli hiki ni kiti cha Mkurugenzi?"

Ephraïm alikuwa amekatazwa kwa maandishi kumweleza mkaguzi lolote zaidi ya anachoulizwa. Akasimama wima. "Kiti ni yake, Excellence. Kabisa."

Nyuma ya mlango Gauthier alisikia kila neno, miguu ameibana, meno ameyabana. Apige kelele? Buko atamsikia. Atoke? Buko atamwona. Akashika karatasi, akaandika kwa herufi kubwa MKURUGENZI NI MIMI, akaisukuma chini ya mlango. Ephraïm akaiokota, akaipeleka kwenye mizani ya nje ya kidirisha, akaipima vizuri, kisha akailaza kando ipumzike.

Nishani ikabandikwa kwenye kitenge cha Mama Nkandu. Mama Mbambu akapiga vigelegele mpaka shofere wake akazima injini asikie vizuri. Mkaguzi akasaini, akafuta "wa Muda" kwa mistari miwili, kisha akatega sikio.

"Na huyu anayekanyaga-kanyaga huko ndani ni nani?"

Mama Nkandu hakugeuza kichwa.

"Uyo? Uyo ni mutoto ya kwetu. Iko na haya mingi, lakini mukono yake iko muzima. Mumupatie kazi ya kubeba."

Halafu, kwa kuwa alikuwa mzazi na anajua munkoyo, akajifunika kichwa na kitenge, akakisogeza kiti kando, akaugeuzia uso wake ukutani. Mlango ukafunguka. Mtu mwenye suti akatoka ameinama, akapita kama mshale, akapotelea uani. Wote wakamngoja kwa heshima mpaka aliporudi. Kisha akabeba. Akaingia mikono mitupu, akatoka na furushi, macho chini, na mpiga picha akapiga, kwa kuwa alikuwa amelipwa apige.

"Ona mfanyakazi anavyokimbia!" Mkaguzi akasema. "Hii njo kuharakisha!"

Mama Mbambu akamchagulia Mama Nkandu nakala moja. Mama akaisogeza karibu na pua, akaitazama muda mrefu.

"Bata iko yote," akasema. "Miye niko mukono tu." Akacheka mpaka nishani ikalia.

Jua lilipogeuka lori likaondoka na gazeti la Pasaka, kwa bei ya kusema asante. Mama Nkandu alipanda mbele na shofere. Juu ya mafurushi walikifunga kiti cha ngozi kwa kamba, kwa sababu karatasi ya Mkaguzi ilisema Mkuu amethibitishwa kitini pake, na sheria haimruhusu mkubwa kutenganishwa na mahali alipothibitishwa.

Idara iko vilevile kule Hewa Bora, na yeyote anaweza kwenda kuiona. Papa Gauthier anafika mapema kila asubuhi, suti imepigwa pasi, na anafanya kazi mpaka jioni, amesimama.