Miaka Tisa ya Limi

Jumatatu, 9 Juni 2025. Kagongwa

Meshack hanyamazi. Watafiti wa damu wamemchagua mwanawe Denis, na tangu asubuhi yuko mlangoni pa mashine yake ya kusaga, anawaambia wateja kwamba damu ya Denis ndiyo watakayopimiwa wavulana wote wa Shinyanga.

Nikampeleka binti yangu Limi zahanati. Nesi Dorah akanieleza: majibu ya damu ya watoto wetu hulinganishwa na ya watu wazima, tena wa mbali. Sasa wanapima watoto wasio na ugonjwa, kila umri peke yake, wavulana kwao na wasichana kwao, ili wajue damu ya mtoto mwenye afya wa hapa ikoje.

Limi ana miaka kumi na miwili. Wasichana wa umri huo wameshatosha. Wanaotakiwa ni wa miaka tisa.

Meshack alituona tukirudi. Akacheka kwa pua!

Jumanne, 10 Juni

Limi ana miaka tisa. Cheti cha kuzaliwa kililiwa na mchwa.

Dorah akamtazama Limi, ambaye amemzidi urefu, akauliza kama nina uhakika. Nikasema kwetu Didia tunarefuka mapema. Limi akaangalia dari. Damu ikatolewa.

Nimepita mbele ya mashine ya Meshack makusudi, wala sikuwa na haja ya unga.

Jumatano, 18 Juni

Simu ya zahanati. Kipimo kimoja, cha ini na mifupa, kiko juu mno kwa msichana wa miaka tisa. Tumlete kesho. Huenda akapelekwa hospitali ya mkoa.

Limi anaruka kamba uani, mimi namchungulia macho kama yana manjano. Mke wangu Coletha, asiyejua habari za mchwa, anasali rozari. Nimekaa karibu naye. Sikuthubutu kuitikia.

Alhamisi, 19 Juni

Daktari Rosemary alishaanza kuandika rufaa. Akauliza kama mtoto huvimba tumbo. Coletha akaanza kulia. Nikashindwa.

"Daktari, ana miaka kumi na miwili."

Akayarudia majibu, polepole.

"Basi haumwi, Baba Limi. Anakua. Mifupa ikirefuka kipimo hiki hupanda. Kwa msichana wa umri wake, hapa ni pazuri kabisa."

Nikalia kumshinda Coletha. Yeye alikuwa ameacha kulia, ananitazama.

Daktari akaondoa majibu ya Limi kwenye utafiti. Akasema uongo wangu ungewaharibia kipimo watoto wa miaka tisa wa kweli. Nikaapa mbele ya wote: umri wa Limi sitaudanganya tena.

Njiani Limi akanishika mkono. Tulipita kwa Meshack, nikasahau hata kumtazama.

Jumapili, 22 Juni

Watafiti wanaanza kupima wazee, miaka sitini na kuendelea. Meshack ana hamsini na tano. Hapati!

Mimi nina arobaini na sita. Nimeanza kuinama kidogo nikitembea. Coletha kaniuliza kama mgongo unauma. Nikamwambia ni uzee.

Baada ya misa Meshack akaniuliza habari za asubuhi.

Nikamjibu, "Marahaba."